Glavu ya besiboli ya Kibuye, shilingi 500: nyota nne, moja nimetoa ju ya harufu

Wacha nianze na mama mwenye aliniuzia. Jumapili, soko la Kibuye, na mnajua vile Kibuye huwa Jumapili, hata mahali pa kuweka mguu hakuna, mimi na mpwa wangu wa gredi ya sita tunatafuta viatu vya shule, tukapita kwa huyu mama amefungua mtumba wa vitu vya michezo. Helmeti za baiskeli, raketi, viatu vya kuteleza kwa barafu (mwenye atazinunua hapa Kisumu aniambie nikamwone), na katikati yake kitu kubwa ya ngozi ya kahawia, inakaa mkono wa mtu amevimba vidole. Kijana akaishika, akakataa kuiachilia.

Nikauliza, mathe, hii ni nini? Hakufikiria hata sekunde. "Hiyo ni glavu ya golkipa wa Marekani, baba." Nikamuuliza, na ingine iko wapi, ju mimi najua glavu huwa mbili. Akaniangalia na huruma kidogo. "Hiyo inakujanga moja. Huko hudaka na mkono mmoja."

Nilidhani napigwa. Kumbe kwa hiyo ya mkono mmoja mama alikuwa sawa kabisa, ni hapo kwa golkipa tu aliteleza.

Alianza na 1,200. Nikasema 200, akanifukuza, nikaondoka hatua tano, akaniita, mnajua huo wimbo. Tukaishia 500 na kijana akabeba. Viatu vya shule tulinunua Jumapili iliyofuata, na mama yake hadi leo hajui pesa ya kwanza ilienda wapi, kwa hivyo kama unasoma hii na unamjua, nyamaza.

Sasa glavu yenyewe. Ngozi ni ya ng'ombe kabisa, nzito, si hii plastiki inabanduka baada ya mvua mbili. Jina la kampuni limefutika limebaki herufi moja na nusu. Kati ya kidole gumba na kidole cha kwanza kuna kama mfuko umefumwa na kamba za ngozi, umezibwa wote, huwezi kuona upande wa pili. Hapo nilidhani ni urembo tu, nitawaambia baadaye kazi yake. Mbaya ni harufu. Ilikuwa inanuka ghala la mahindi lenye limenyeshewa, nilianika siku tatu kwa kivuli (usianike kwa jua, ngozi itapasuka) na mpaka sahii ukiweka pua ndani unajua ilikaa kwa kontena. Kamba mbili zilikuwa zimekatika na kiganja kilikuwa kimekauka, ukikunja inalia kwaa.

Na kosa langu mwenyewe: niliivaa mkono wa kulia. Nikaona kidole gumba kinaingia mahali pa kidole cha mwisho, nikasema hii ni ya mtu kilema. Hapana. Ukirusha na mkono wa kulia, glavu unavaa wa kushoto, huo wa kulia unabaki mtupu wa kurusha. Kwa hivyo ukipata moja mahali, ijaribu mkono wenye huandikii kabla hujalipa, ju kuna zingine zimetengenezwa za watu wa mashoto na hiyo haitakusaidia kitu.

Lakini chenye kilinifanya nikae chini niandike ni hiki: kwa mgongo wa glavu, hapo juu ya mkono, mtoto fulani huko ng'ambo aliandika na maka penseli nyeusi, herufi za kitoto, MO 42.

Mpwa wangu akasema anko ni Mo Salah. Nikamwambia Salah pale Liverpool alivaa 11. Akasema labda ni ya zamani. Nikapiga picha nikatumia kasin yangu mwenye yuko Minnesota, anaendesha lori huko mwaka wa nane sasa, na yeye kujibu huwa baada ya siku mbili lakini hii alijibu dakika hiyo hiyo na sauti ya dakika tisa. "Omera! Omera, si Salah, huyo ni Mo Rivera! Umetoa wapi?" Nikajua nimeokota kitu.

Mariano Rivera. Mrushaji, yaani yule humrushia mpira mtu wa fimbo, wa New York Yankees, timu ya besiboli ya Marekani, 1995 hadi 2013, timu moja maisha yake yote, na wengi wanaojua huo mchezo watakwambia kwa kazi yake hajatokea mwingine. Mimi nilikuwa sijawahi kusikia hilo jina. Nimesoma na kutazama video wiki tatu sasa, abiria wangu wa tuktuk wamechoka na mimi, lakini hebu nisikilizeni nyinyi.

Huyu jamaa ni mtoto wa mvuvi. Amezaliwa Novemba 1969 Panama, akakulia kijiji kinaitwa Puerto Caimito, kando ya bahari, baba yake nahodha wa boti ya kuvua dagaa. Dagaa jamani! Mimi mzee wangu alivua omena Usenge miaka ishirini na kitu, nimelala nikinuka omena, nimelipiwa karo na omena, alafu naambiwa mtu mwenye jina lake limeandikwa kwa hii glavu alianzia hapo hapo. Wakicheza ufuoni hawakuwa na glavu, walikuwa wanakunja makatoni ya maziwa wanavaa mkononi. Fimbo ilikuwa tawi la mti. Mpira ni vipande vya nyavu kuukuu vimefungwa na utepe. Nyavu! Glavu ya ngozi ya kwanza babake alimnunulia akiwa na miaka 12.

Nilisimama kusoma hapo nikamwangalia mpwa wangu. Atafikisha 12 mwezi wa kumi na moja.

Shule aliacha mapema akaingia kwa boti. Alikuwa anapenda kandanda zaidi lakini kifundo cha mguu kikamsumbua mpaka akaacha. Alafu akiwa 19 boti ikapinduka wakiwa kazini, wakalazimika kuiacha baharini ikizama, na hapo ndio akaamua uvuvi haumfai. Hii sehemu siwezi kuisema kwa mzaha, mtu yeyote wa ziwani anajua. Kuna watu wa kwetu walitoka na taa usiku hawakurudi, na mzee wangu aliacha kazi hiyo kwa sababu ya usiku mmoja wenye hakuwahi kutuelezea mpaka akafa.

Sasa sikia vile aliingia kwa kurusha. Hakuwa mrushaji kabisa, alikuwa anacheza katikati kwa timu ya watu wa kwao. Siku moja mrushaji wao akapigwa vibaya, Rivera akajitolea akarusha yeye, akawafunga wale wengine mdomo, wachezaji wenzake wakamwitia watu wa Yankees wamwangalie. Februari 1990 akasaini. Dola elfu mbili na kitu, si milioni, elfu mbili. Kiingereza hajui, kwao hajawahi kutoka, na umri ni miaka 20, kwa hiyo kazi huo ni uzee wa kuanza. 1992 akafanyiwa upasuaji wa kiwiko cha huo mkono wa kurushia, na mwaka huo huo kuna timu mbili mpya zilikuwa zinaruhusiwa kuchagua wachezaji wa wengine wenye hawajawekewa ulinzi, Yankees hawakumlinda, na zote mbili zikampita. Hakuna mwenye alimtaka! Yaani hata hao wa Yankees kubaki naye ni vile hakuna mtu aliokota. Kama glavu yangu kwa ule mtumba, tuseme ukweli.

Ligi kuu akaingia Mei 1995. Kwanza walimpanga kuanza mechi, haikuwa nzuri sana. Baadaye wakamweka kazi ya kumalizia, na hiyo ndio inahitaji kuelezwa polepole ju mimi ilinichukua siku nne kuielewa. Mechi ya besiboli ina iningi tisa, yaani kila timu inapata zamu tisa za kupiga. Timu yako ikiwa inaongoza kidogo, pointi moja, mbili, tatu, mwishoni unaleta mtu mmoja kazi yake ni kuzima taa tu, wale wengine watoke bila kusawazisha. Ni vile Gor Mahia inaongoza moja bila dakika ya themanini na tano, uwanja wa Mamboleo wote umesimama, kocha anaingiza mtu wa kufunga mlango. Ukifaulu unaandikiwa moja. Rivera ameandikiwa 652 na hakuna binadamu mwingine amefika hapo. Alimpita Trevor Hoffman Septemba 2011, alipofika 602.

Na zile mechi kubwa za mwisho wa msimu, zenye wengine mikono inatetemeka, alirusha iningi 141 na pointi za kumhesabia yeye zikawa 11. Kumi na moja, miaka yote. Kasin alinikumbusha watu wenye wametembea juu ya mwezi ni 12, wengi kuliko hizo pointi.

Ubingwa ni mara tano, 1996, 1998, 1999, 2000 na 2009.

Sasa kitu yenye imenitoa usingizi. Karibu kila mara alikuwa anarusha mpira wa aina moja. MOJA. Wengine wako na mitano sita, unapinda, unashuka, unachelewa, yeye mmoja. Huo mpira aliupata 1997 akicheza tu na mwenzake Ramiro Mendoza kabla ya mechi, kurushiana kwa kawaida, Mendoza akaanza kulalamika mpira unaruka pembeni hashiki vizuri, Rivera akasema mimi sijafanya kitu. Wakajaribu kumrekebisha arudi kuurusha ukienda sawa, ikakataa, wakaachana nao. Akaishi nao miaka 17.

Nimejaribu kuelewa vile unafanya kazi. Unashika na vidole viwili juu ya mishono (mpira wenyewe ni kama gramu 145 na una mishono 108), lakini kidole cha kati ndio kinakandamiza zaidi. Unatoka mkononi ukienda sawa, kasi ya karibu kilomita 150 kwa saa, umbali ni mita 18 na nusu hivi, yaani yule mwenye fimbo ana chini ya nusu sekunde. Mpaka karibu afikiwe unaonekana umenyooka. Alafu dakika ya mwisho unahama, upana wa kiganja tu. Mpigaji wa mashoto unamfuata ndani kwa mikono, badala ya kugonga na tumbo la fimbo anagonga na shingo, na fimbo inavunjika. Kila mtu uwanjani anajua ni huo unakuja. Ni mpiga penalti mwenye miaka 17 anapiga kona ile ile, kipa amejua, amejirusha huko huko mapema, na bado goli.

Alivunja fimbo nyingi mpaka mwaka wake wa mwisho, Julai 2013, timu ya Minnesota ilimpea zawadi ya kiti cha kubembea kimetengenezwa na fimbo zilizovunjika. Nimeona picha. Kasin ametamba na hiyo hadithi utadhani ni yeye aliranda mbao.

Na huo mfuko uliozibwa wa glavu? Ni wa warushaji. Mkono uko ndani unatafuta vile utashika mpira na mpigaji asione vidole. Kwa hivyo niko karibu na uhakika nimenunua glavu ya mrushaji, imevaliwa na mtoto mwenye alikuwa anajifanya Mo. Hapo nilifurahi nusu nimtafute yule mama nimwongezee mia. Nusu.

Hiyo 42 nayo iko na yake. Ilikuwa namba ya Jackie Robinson, mtu mweusi mwenye alifungua mlango wa ligi kuu 1947 wakati weusi walikuwa wamefungiwa nje. 1997 ligi ikasema hiyo namba hakuna timu itampea mtu tena, ila wenye walikuwa nayo waendelee mpaka wastaafu. Wakastaafu mmoja mmoja, akabaki huyu mtoto wa dagaa kutoka Panama, wa mwisho. Na mnajua pale kwa mechi kubwa za mwisho wa msimu alimalizia ngapi? 42. Na Mei 2012 alipoanguka Kansas City akikimbiza mpira wa mazoezi goti likakatika, alikuwa na miaka mingapi? Mimi si mtu wa namba lakini nilienda kucheza lotto, sikushinda.

Watu wakasema ameisha. Akarudi 2013 akamaliza mwaka mzima alafu ndio akaondoka.

Msidhani hakuwahi kushindwa, hiyo ndio sehemu napenda kuambia abiria. 2001, mechi ya saba ya fainali na Arizona, Yankees wanaongoza, iningi ya tisa, mpira umepewa Rivera, imeisha hiyo, si ndio? Akarusha vibaya kwa mwenzake, wakasawazisha, alafu Luis Gonzalez akagonga kimpira kidhaifu, fimbo ilikuwa imeshapatwa na ule mpira wake wa kuhama, kikapita juu ya vichwa vya walinzi kikaanguka kwa nyasi. Basi, Arizona mabingwa. Kimpira cha aibu kabisa.

Lakini ngoja. Wangeshinda kungekuwa na sherehe New York, na mwenzake mmoja, Enrique Wilson, alikuwa amepanga kubaki asherehekee ndio apande ndege aende kwao Jamhuri ya Dominika tarehe 12 Novemba. Waliposhindwa akabadilisha akaenda mapema. Ile ndege ya tarehe 12 ilianguka Queens dakika chache baada ya kupaa, wakafa watu 265 pamoja na waliokuwa chini. Rivera amesema yeye anashukuru walishindwa, ju bado ana rafiki. Nilisoma hiyo nikiwa stage ya Kondele, abiria akaniuliza dere unalia? Nikasema ni vumbi.

Januari 2019 wakapiga kura za kumwingiza kwa ukumbi wa magwiji. Kura 425, na zote 425 zikaandika jina lake. Hakuna mwingine kabla yake alikuwa amepata zote, hata wale wakubwa wa zamani wenye majina yao hata mimi nilikuwa nimeyasikia.

Haya, turudi kwa bidhaa, ju najua kuna mtu anauliza sasa glavu inafanya kazi ama hapana.

Fundi wa viatu pale karibu na stage alinirudishia zile kamba na 150. Aliigeuza geuza, akauliza ni kiatu cha nini, nikamweleza, akacheka, alafu akafanya kazi safi kuliko nilivyotarajia, akatumia vipande vya ngozi kwa kamba moja na ile ingine akaweka uzi wa nailoni umepakwa nta. Kiganja nilikipaka mafuta ya kujipaka, kidogo kidogo, usiku tatu, nikaweka mpira ndani nikaifunga na mpira wa tyubu ya baiskeli ilale hivyo. Hiyo kasin ndio alinifunza, ati ndio glavu ishike umbo. Inashika kweli. Sahii ukikunja hailii.

Kwa mtoto ni kubwa, hilo niseme. Kijana inamlemea, akiinua mkono inabaki nyuma. Lakini miaka miwili atakuwa ameifikia, na hakuna vile ningepata mpya, mpya za mtandaoni ni elfu kadhaa kabla hujaongeza ya kusafirisha.

Shida kubwa ilikuwa mpira. Mpira wa besiboli Kisumu nimezunguka sijaona. Tukaanza na wa tenisi, mwepesi, unaruka ruka, na siku ya pili uliingia kwa sufuria ya maharagwe ya jirani. Nililipa maharagwe. Wakati wetu tungefunga tu juala za plastiki na kamba, lakini tangu juala zipigwe marufuku 2017 hata hiyo ufundi watoto hawana. Sasa ndio nikakumbuka. Nikaenda Dunga kwa mzee mmoja rafiki ya marehemu baba, nikamwomba kipande cha nyavu ya omena yenye imeisha. Akauliza ya kuvulia ama ya kuku? Nikasema ya mpira. Akanipea bila swali lingine, nyavu nzima, na samaki wawili juu yake.

Tulikata, tukakunja, tukabana, tukafunga na utepe mweusi wa stima mpaka ukawa mgumu. Si mviringo sana. Uko na uzito karibu unaofaa, na unanuka omena, kwa hivyo sasa glavu ina harufu mbili na mimi sijui nitoe nyota ngapi.

Jioni huwa tunasimama kwa ile barabara ya nyuma, nimehesabu hatua 18, nimechora mraba na chaki kwa ukuta. Kijana amepachika kidole cha kati vile nilimwonyesha kwa video. Mingi inaenda kwa mtaro. Alhamisi iliyopita mmoja ulienda sawa, sawa, alafu ukahama. Kidogo tu. Inaweza kuwa ni ule utepe umefura upande mmoja. Ulinigonga kwa kifundo cha mkono usio na glavu, nikaruka, na yeye amesimama huko anauliza, "Anko, umeona? Umeona?"

Fundi amesema ule uzi wa nailoni ukikatika kabla ya Disemba nirudishe, hatanilipisha.